Bujiku Ajifunza Kuanguka

Kata ya Nyahanga, pale Kahama, ina madereva wa bodaboda wa kila aina. Wapo wanaokimbia, wapo wanaokimbizwa, na yupo Bujiku. Mama mjamzito akitaka kwenda kliniki haulizi pikipiki gani iko karibu; anauliza Bujiku yuko wapi, na akiambiwa kampeleka mtu Mhongolo, anatafuta kivuli, anakaa, anamsubiri. Wauza mayai hivyohivyo. Aliwahi kubeba kioo cha kabati la nguo, kirefu kumzidi yeye mwenyewe, kutoka mjini hadi nyumbani kwa mwenye kabati, upepo wa Agosti ukivuma, na katika kioo hicho mpaka leo watu wanajitazama.

Katika miaka yote ya kazi hiyo Bujiku hakuwahi kuanguka. Hakuanguka kwenye tope la Machi, ambalo hata ng'ombe mwenye miguu minne hulipita kwa wasiwasi. Hakuanguka siku alipokatishwa njia na mbuzi, akafuata mbuzi mwingine, kisha mwenye mbuzi. Sifa hiyo aliivaa kama watu wengine wanavyovaa shati jeupe: kwa fahari, na kwa kuogopa kukaa popote. Dereva aliyekwisha kuanguka anajua kuanguka kukoje, na usiku analala. Bujiku alikuwa hajui, kwa hiyo alijichorea picha zake mwenyewe kichwani, na picha hizo zilikuwa na damu nyingi.

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa na watu wakapata nafasi ya kufikiria mambo yasiyo na faida, Kharumwa walitangaza mashindano ya pikipiki. Yangefanyika kwenye machimbo ya zamani nje ya mji: mizunguko mitatu, pikipiki za kawaida za kazini, kila kijiwe cha bodaboda kilete mtu mmoja. Nyahanga tulialikwa. Mwenyekiti wa kijiwe chetu, Deusdedit, ni mtu ambaye hajawahi kuona jambo la hatari asimpendekeze mwenzake. Aliita kikao pale pale kijiweni, mkabala na mashine za mpunga, akaeleza umuhimu wa kushiriki.

Vijana walikuwa tayari. Wapo miongoni mwao wanaoweza kuendesha wamefumba macho. Abiria wao wanathibitisha. Lakini pikipiki zao ni za mkataba, na matajiri wenye pikipiki walikuwa wameshatuma salamu kwamba chombo kikionekana Kharumwa, mkataba umeishia hapohapo. Kijiwe kizima kilikuwa na mtu mmoja tu mwenye pikipiki yake mwenyewe. Wote wakageuka kumtazama. Bujiku alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha pembeni.

"Baba Loveness," Deusdedit akasema kwa sauti ya upole, ambayo ndiyo sauti yake ya hatari, "wewe chombo ni chako."

"Ndiyo maana nataka kibaki chombo."

"Tunakwenda kushiriki tu. Hakuna aliyesema ushinde."

"Na nikianguka?"

"Wewe?" Deusdedit akacheka, na wenzake wakacheka naye. "Wewe si huanguki? Kila mtu anajua."

Hapo akawa amekwisha. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba anaweza kuanguka, na hilo ndilo neno moja ambalo Bujiku hakuwa tayari kulisema mbele za watu. Akakubali, huku akiendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa safi tangu zamani.

Uwanja wa Kharumwa hauhitaji maelezo marefu isipokuwa sehemu moja. Wachimbaji wa zamani walitoa kifusi shimoni kwa miaka, wakakilundika, kikawa kilima. Upande mmoja unapanda taratibu, juu pana nafasi ya kuvuta pumzi, kisha upande wa pili unaporomoka moja kwa moja hadi chini, changarawe tupu, mawe yanayotembea yenyewe. Kwa umbo lake watu wanakiita Nundu. Kila mzunguko lazima upande Nundu na ushuke.

Bujiku alifika juu akiwa wa mwisho, jambo ambalo halikumsumbua mtu. Akaanza kushuka. Hakufika mbali. Gurudumu la nyuma likawa jepesi, likainuka kidogo kutoka ardhini, na akaiona taa yake ya mbele ikitazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Akabana breki zote, akasimama. Kisha akafanya jambo ambalo Nyahanga tutalikumbuka hata tukizeeka: akashuka kwenye pikipiki, akakamata usukani kwa mikono miwili, na kuiteremsha kwa miguu, taratibu, kama mtu anayempeleka ng'ombe mgonjwa kwenye josho.

Kisha mtu mmoja katikati ya umati akapaza sauti:

"Polepole jamani, kuna mjamzito!"

Kilima kizima kikacheka. Mtangazaji, ambaye alikuwa na kipaza sauti na hakuwa na huruma, aliyarudia maneno hayo ili waliokuwa mbali nao wafaidi.

Mtu mwingine angekwenda nyumbani. Bujiku hakuishia njiani. Mizunguko ilikuwa mitatu, na Nundu aliishuka mara zote tatu, kwa miguu, mjamzito wake mkononi. Alipomaliza, washindi walikuwa wamevua helmeti na wako kwenye wali.

Bintiye Loveness, wa kidato cha tatu, alikuwepo. Aliomba mwenyewe kuja, akawaambia na wenzake. Safari ya kurudi alikaa nyuma ya baba yake kilomita zote zile za vumbi bila kusema kitu, mtoto ambaye kwa kawaida husimulia hata ndoto za majirani. Walipofika mlangoni akashuka, akajikung'uta, akasema kwa adabu:

"Pole na kazi, baba."

Ni salamu nzuri. Anapewa mtu aliyetoka shamba na jembe begani. Bujiku aliipokea, akaingia ndani, akakaa kwenye stuli jikoni kwa mkewe Agnetha bila kuvua koti.

"Nitarudi kule," akasema.

"Umesahau nini?" Agnetha alikuwa anachagua mchele, hakuinua macho.

"Oktoba wana mengine, kabla ya mvua. Sitaki kombe. Hata nikiwa wa mwisho. Nataka nishuke Nundu nimekaa."

"Umekaa wapi?"

"Juu ya pikipiki, Mama Loveness! Nimekaa kama mtu!"

"Na ukianguka?"

Agnetha akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, akiyaweka pembeni moja moja.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri. Kahama ina vijiwe vingi, na habari husafiri kwa pikipiki. Akipita stendi, anasikia "Jamani, polepole!" Akipita sokoni, kijana asiyemjua anashika tumbo lake kwa mikono miwili na kutembea upandeupande. Bujiku aliitikia yote kwa kupunga mkono, ustaarabu ambao uliwaudhi kuliko tusi.

Kisha, Jumapili moja, akafika kijiweni mwanamke mwenye mabuti ya mgodini, akiendesha pikipiki isiyo na rangi inayojulikana. Akazima moto, akawatazama mmoja mmoja hadi akampata aliyekuwa anamtafuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema Bujiku, ambaye alikuwa hajazoea kuitwa mzee na watu wenye mikono mikubwa kuliko yake. "Unakwenda wapi?"

"Siendi. Nimekuja kukuona wewe. Si ndiye uliyeshuka Nundu kwa miguu?"

"Ndiye."

"Mara zote tatu?"

"Zote tatu."

"Mimi naitwa Ghati. Mimi ndiye niliyeshinda siku ile." Alisema hivyo bila majivuno, kama mtu anayetaja kijiji chake. "Nimeshinda wanaume wote wale, na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja anayenizungumzia. Nikikaa kwa mama ntilie, wewe. Nikienda kununua plagi, wewe. Nimechoka, mzee. Washa pikipiki tuone tatizo lako ni nini, ulimalize, na mimi nipate sifa yangu."

Ghati ni mzaliwa wa Tarime. Kazi yake Kharumwa ni kuteremsha viroba vya mawe kwa pikipiki kutoka mashimoni hadi kwenye makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, kutwa nzima, kwenye njia ambazo mbuzi hufikiria mara mbili. Hakuzoea kukataliwa, na Bujiku hakujaribu. Wakaenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya mashine za mpunga. Bujiku akazunguka mara moja, akazunguka tena. Ghati akainua mkono asimame.

"Nani umempakia?"

Bujiku akashangaa. "Sina mtu."

"Sasa mbona umemwachia nafasi?"

Akageuka kutazama nyuma. Kweli aligeuka, Deusdedit alikuwepo na ni shahidi. Kiti chote kilikuwa kitupu. Yeye mwenyewe alikuwa amekalia tanki la mafuta, magoti yamepanda hadi karibu na usukani, kama anavyokaa kila dereva wa bodaboda wa Kahama, kwa sababu hapa abiria mmoja ni nadharia tu. Hapa wanapanda wawili, na mfuko wa saruji, na jogoo. Dereva husogea mbele kuwapa watu haki yao, na kwa miaka mingi Bujiku alikuwa amewapa haki hiyo hadi kiti chake upande wa mbele kilibaki kipya kama kilivyotoka dukani. Wala si yeye peke yake. Kijiwe kizima kilitazama viti vyake kikakuta hali ni hiyohiyo.

"Ukiwa na watu nyuma, sawa," Ghati akaeleza. "Watu wanashikilia gurudumu lisiruke. Lakini unafika juu ya Nundu peke yako, umekalia tanki, uzito wote uko mbele. Unategemea nini? Itakubinua. Hukuogopa bure, mzee. Na mimi ningeshuka nikatembea."

Maneno hayo yalimfaa kuliko dawa. Kwa majuma kadhaa alikuwa amejihesabu mwoga, na sasa mshindi mwenyewe anamwambia kwamba woga wake ulikuwa na akili.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi kuitaja: rudi nyuma. Bujiku alirudi nyuma. Akaketi mwisho wa kiti, mikono imenyooka, na pikipiki ikiwa imesimama alionekana dereva wa mashindano kabisa. Akiwasha moto tu, kabla hajamaliza gia ya kwanza, yuko kwenye tanki.

"Rudi!"

"Nimerudi!"

"Umerudi wapi, si uko shingoni kwake!"

Alikuwa harudi mbele kwa makusudi. Kukaa pale nyuma kulimpa hisia ya mtu aliyelala kwenye kitanda cha mgeni. Mahali pale pamelipiwa. Wapo watu wanaoshindwa mbio kwa sababu ya kiburi. Bujiku alishindwa kwa sababu ya adabu ya makalio.

Ghati hakubishana naye zaidi. Aliingia kwenye ghala la jirani, akatoka na gunia la mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba yanayolishwa ng'ombe, akalifunga juu ya tanki kwa mpira wa tairi. Tanki likajaa. Pa kusogea pakawa hakuna. Wakaenda kwenye tuta la lambo la nje ya mji, mahali pekee upande ule penye mteremko wa kueleweka, akaambiwa ashuke.

Yapo mambo ambayo mtu wa Tarime hayafikirii na mtu wa Nyahanga angepaswa kuyafikiria. Lambo ni la kunyweshea, na ng'ombe walikuwepo. Ng'ombe wa Shinyanga akisikia harufu ya mashudu haulizi ni ya nani. Bujiku alipofika juu ya tuta, dume moja jekundu liliacha maji na kuanza kumfuata. Alipolitazama, likaongeza mwendo, na wenzake wakaona kuna jambo. Mchungaji akapiga kelele kwa Kisukuma, kelele ambazo hazikuwasaidia ng'ombe wala Bujiku. Chini kulikuwa na mteremko. Nyuma kulikuwa na pembe. Akashuka.

Alishuka bila kugusa breki ya mbele, uzito wake wote nyuma, na alipofika chini aliendelea hadi barabarani. Ghati alimkuta huko amesimama na gunia lake, uso umejaa vumbi na mshangao.

"Umeona?" akamwambia.

"Hawakunifikia," akasema Bujiku.

Wakafanya hivyo Jumapili baada ya Jumapili, baada ya ibada, siku ambayo Ghati habebi mawe. Mashudu yalikuwa yanapunguzwa kidogo kidogo, kwa hiari na kwa ng'ombe, mpaka gunia likawa tupu na likafunguliwa. Bujiku akabaki nyuma ya kiti chake mwenyewe. Ungedhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mteremko wa lambo aliuzoea. Ukimpeleka kwenye mteremko mgeni, vidole vyake viwili vinakwenda kwenye breki kabla yake na kubaki hapo.

"Umewahi kuanguka?" Ghati akamuuliza.

"Hapana," Bujiku akasema, na kifua kikapanda kidogo. "Hata siku moja."

"Basi ndio ugonjwa."

Kifua kikashuka.

Nyuma ya mashine za mpunga za Nyahanga pana lundo la pumba refu kama nyumba, jepesi, lenye joto, ambalo watoto hukatazwa kuchezea na kwa hiyo hulichezea. Ghati alimwonyesha. Utakuja kwa mwendo, akamwambia, utaachia usukani ukifika hapa, pikipiki iende zake, wewe uende kwako. Bujiku akalitazama lundo. Akasema leo anaumwa kichwa. Jumapili iliyofuata akasema amekula sana. Iliyofuata hakutoa sababu. Alikuja kwa mwendo, akafika, na akasimama sawasawa mbele ya pumba, breki zimebanwa, mguu umewekwa chini kwa ustadi, kama aliyefika kumshusha mteja.

"Shuka nikulipe," akasema Ghati.

Ilikuwa jioni, na watu wa mtaa walikuwa wamekwisha kukusanyika, maana mtu mzima anayejaribu kuanguka ni burudani isiyo na kiingilio. Agnetha naye alikuwepo, mikono kiunoni.

"Baba Loveness," akamwambia, "mimi nimeacha mboga motoni. Kama unaanguka, anguka."

Akarudi mwanzo, akavuta mafuta. Safari hii alipofika aliachia. Pikipiki ikaegemea ubavu, ikazama na kuzimika. Bujiku akapita juu yake mikono imetanuka, na pumba zikamfunika hadi zikaonekana soli za viatu peke yake. Soli zikatikisika. Kichwa kikatoka, cheupe kote isipokuwa macho, kikatema pumba, na macho yale yakatutazama kwa namna ambayo hatukuwa tumeiona kwake tangu tumfahamu.

"Ndiyo hii tu?" akauliza.

Akaanguka tena. Akaanguka mara nyingi jioni ile, kwa ubavu, kwa mgongo, kwa kujikunja, akawa anatupangia watazamaji tukae wapi. Mboga za Agnetha ziliungua.

Mafunzo hayo yalikuwa na gharama yake. Habari zilienea kwamba Bujiku sasa anaanguka, na zilipofika mtaa wa pili zilikuwa zimeacha pumba njiani. Muuza mayai mmoja akahamia kwa dereva mwingine bila kuaga. Mwanaima, ambaye mumewe ana duka la vitambaa na ambaye alikuwa amebakiza majuma machache kujifungua, alimsimamisha katikati ya barabara.

"Baba Loveness, ninayoyasikia ni kweli?"

"Naanguka kwenye pumba tu, Mama."

"Tumbo langu si pumba."

"Nalijua hilo."

"Nimekaa miezi yote hii nikisema, yupo mtu mmoja mjini hapa haanguki. Sasa nawaambia watu nini?"

Bujiku akafikiri. Shati lake jeupe, lile la sifa, lilikuwa limeingia doa, na aliyelitia ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya mtaa. Angeweza kumwambia Mwanaima kwamba ameacha, na mayai yote yangerudi siku hiyohiyo.

"Waambie anajifunza," akasema.

Mwanaima akamtazama sana. "Siku ya kunipeleka mimi usijifunze kitu," akasema, akapanda, na Bujiku akasogea mbele kwenye tanki kumpa nafasi.

Oktoba, Nyahanga tulikwenda Kharumwa kwa lori. Wengine walikuja kushangilia, wengine kuhakikisha. Loveness alipanda lori pamoja na mama yake. Safari hii hakualika wenzake. Umati haukukaa mwanzo wala mwisho wa mbio. Ulijaa wote kwenye Nundu, kwa kuwa ndiko kwenye kichekesho, na Bujiku alipotokea juu, katikati ya kundi na si mwisho wake, mtangazaji alikuwa amejiandaa.

"Wapisheni! Kliniki imefika!"

Bujiku hakusimama. Alipopita ukingo alisukuma makalio yake nyuma hadi yakagusa keria, akanyoosha mikono, na akashuka. Alishuka amekaa, changarawe zikiruka pande zote, gurudumu la nyuma limetulia chini kama lilivyoumbwa, na alikuwa chini amekunja kona kabla kicheko hakijapata pa kuanzia. Watu waliokuja kucheka wakabaki vinywa wazi, hawajui wavifanyie nini. Loveness alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa kucha.

Jambo alilolitaka alikuwa amelipata. Lakini mizunguko ni mitatu, na mzunguko wa pili alikuja na mwendo mwingine kabisa, mwendo ambao Ghati hakumfundisha na ambao mimi nautafsiri kuwa furaha. Katikati ya mteremko jiwe likageuka chini ya gurudumu la mbele. Pikipiki ikalala. Bujiku akaburuzwa nayo kidogo, wakaachana, na vumbi likafunika wote wawili.

Hapakuwa na pumba pale.

Vumbi lilipotulia alikuwa amelala kwa ubavu, mkono mmoja chini yake. Pikipiki ilikuwa inanguruma kwa hasira, gurudumu likizunguka hewani. Bujiku akapitisha ulimi kwenye meno, yote yapo. Akatikisa vidole. Kiwiko kilikuwa kinatoka damu, damu ya kiasi, chini sana ya ile aliyokuwa ameipangia kwa miaka yote. Wanaume wawili wakaanza kumkimbilia.

"Msiguse!" akafoka. "Mkinisaidia nitatolewa mashindanoni!"

Akainuka mwenyewe, akainyanyua pikipiki. Mkono wa klachi ulikuwa umepinda kama kidole cha mzee. Alikuwa katikati ya Nundu, chini hakukuwa mbali, na njia ya kufika huko kwa miguu hakuna aliyeijua kuliko yeye. Akashika usukani kwa mikono miwili. Tuliona anapima. Tuliona mguu wake wa kwanza unateremka.

"Baba!" Sauti ya Loveness ikapasuka juu ya umati mzima. "Baba, panda!"

Kupanda pikipiki katikati ya mteremko ule ni kazi ngumu kuliko kuanzia juu. Ghati mwenyewe alisema baadaye kwamba hajawahi kujaribu na hana mpango. Bujiku akapitisha mguu, akaketi. Ikateleza naye upande, akairudisha. Akasogea nyuma. Akaachia breki, vidole vyote, na akaenda.

Mzunguko wa tatu tulimsubiri. Ghati alipita juu ya Nundu wa kwanza, kama kawaida yake, na watu wakampisha macho kutazama nyuma yake nani anakuja. Wakapita wengine. Mmoja alianguka palepale kwenye jiwe lilelile, akakaa chini akilia. Kisha ukasikika mlio wa injini inayobadilisha gia kwa shida, kwa sababu ya klachi iliyopinda, na Bujiku akatokea ukingoni, mkono mwekundu hadi kwenye saa, na akashuka Nundu mara ya tatu, amekaa, akampita na yule aliyekaa chini akilia.

Mtangazaji alimfuata kwenye mstari wa mwisho. Alikuwa amepata adabu ghafla.

"Mzee Bujiku, una neno gani kwa watu wa Kharumwa?"

Bujiku akavua helmeti. Akakitazama kipaza sauti kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Nimeanguka," akasema.

"Pole sana."

"Sio pole. Nimeanguka, nimenyanyuka mwenyewe, nimeshuka nimekaa. Mlikuwepo." Akafikiri kama kuna la kuongeza, akaona hakuna. "Naomba maji ya kunawa mkono."

Loveness alikuwa ameshafika. Aliyachukua maji kwa aliyeyaleta, akamnawisha kiwiko yeye mwenyewe, akizungumza mfululizo: jiwe lilivyogeuka, mwanamke mmoja alivyozimia nusu, mama alivyosema neno ambalo hawezi kulirudia. Baba yake akamwachia mkono, akamsikiliza yote.

Jioni lori la Nyahanga lilipita katikati ya Kharumwa likiimba jina lake, ngoma ni ndoo na ubavu wa lori, Deusdedit akiongoza kwa sauti kana kwamba ni yeye aliyepanda. Mwanamke mmoja muuza mihogo akasimama kando ya barabara na sinia lake kichwani.

"Nyie ndio mmeshinda?" akatuuliza.

"Hapana!" lori zima likajibu.

"Sasa mnamwimba nani?"

"Wa saba!" tukamwambia, na hatukupunguza sauti mpaka tulipoingia Kahama.